Hizi kazi ndogondogo za mtandaoni mbona watu hawaziachi?

kijana_langoni: Assalaam aleikum jamani. Nauliza wale mnaofanya zile kazi za kubonyezabonyeza, kuweka alama kwenye picha, kunakili risiti, kujaza survei, senti tano senti kumi za dola. Ndugu yangu hapa Lamu hulala saa nane usiku juu ya hizo, nikimuuliza wapata ngapi asema "si haba". Haswa mwafuata nini? Mana kwa hesabu yangu hata bando hairudi

mama_wawili: Bando yarudi kaka, na cha juu. Mimi niko na watoto, kazi ya duka siwezi, ya hoteli Shela ndo kabisa, mvua za Aprili na Mei zikianza watu wakaambiwa warudi nyumbani. Hii mtoto akilala nafanya akiamka naacha, hakuna wa kuniuliza ulikuwa wapi. Ni kidogo lakini sijamuomba mtu

fundi_mokowe: Mi sikai kwa uhuru, nimefungwa na rekodi. Ile Mechanical Turk, tovuti ya Amazon ya hivi vikazi, iko tangu 2005, mwenye kazi aweza kuweka sharti kwamba kama kazi zako zilizokubaliwa hazifiki asilimia 95 tuseme, ya kwake huigusi. Sasa umetoka na vikazi vya senti moja mpaka asilimia ikapanda, waachaje? Tovuti nyingine waanza sifuri. Na akiikataa kazi hulipwi, asilimia yashuka, na kazi yenyewe kabaki nayo!! Hapo ndo huwa nachemka

mshipi_mrefu: Kuna watafiti walipima hiyo hiyo, wakatoa mwaka 2018, mfanyakazi wa katikati (yaani nusu ya wenziwe wapata chini yake, nusu juu) alikuwa apata kama dola 2 kwa saa, mana muda mwingi waishia kutafuta kazi na kuanza usizozimaliza. Marekani hiyo kichekesho, huku kusi likivuma vyombo vikakaa ufukoni ni unga na mboga. Halafu kuna ile tamaa, siku moja waangukia survei ya dola tatu basi wiki nzima warifreshi tu, kama aliyenasa changu mmoja akagoma kutoa mshipi majini 😂

kijana_langoni: Haya nimewafahamu kidogo. @mama_wawili hiyo pesa waitoaje sasa?

mama_wawili: Za survei zaja PayPal, kisha naihamishia M-Pesa. Makato yapo, usitoe vidogovidogo, ngoja zijae. Na mwambie nduguyo alale