Dawa isiyoua utitiri rafiki, tuiite salama?

Mwanzisha mada (Bukavu): Kila msimu wa nyanya, kuanzia soko la Kadutu mpaka Kavumu, wauzaji wanatuambia dawa fulani ni salama kwa wadudu marafiki kwa sababu haiwaui. Napinga.

Geuza jani lenye utitiri mwekundu, yule mdudu mdogo sana anayefyonza majani ya nyanya. Katikati ya utando utaona kitu kinachong'aa, umbo la tone la maji, hakifiki nusu milimita, kinakimbia huku na huku. Huyo ni utitiri rafiki, anayekula ule mwekundu, wa jamii ya Phytoseiidae. Dawa inaweza kumwacha hai lakini asitage inavyopaswa, au ashindwe kuwinda.

Tuseme majike 100 wamekutana na dawa. 20 wamekufa, 80 waliobaki wanataga nusu ya kawaida. Muuzaji atasema 80 wamepona. Lakini watafiti Overmeer na van Zon walishatoa mwaka 1982 hesabu inayounganisha vifo na mayai, na kwa hesabu hiyo madhara ni asilimia 60. Mayai unayopata ni sawa na ya majike 40 wazima. Na utitiri mwekundu, kukiwa na joto, unatoka yai hadi utu uzima ndani ya siku kumi hivi!

Kwa hiyo duka au mradi wowote ukitaka kuandika "salama", utuonyeshe na mayai.

Mama mkulima (Kabare): Ndugu yangu, mvua ya Novemba ikishika, mildiyu, ule ugonjwa wa kuvu, inamaliza shamba kabla sijageuka. Bila mankozebu, dawa ya kuizuia, sivuni. Mayai ya mdudu nisiyemuona ndiyo yatalipa minervali ya shule ya watoto?

Mwanafunzi wa kilimo: Majaribio mengi ya namna hiyo hufanywa juu ya kipande cha jani kilichopuliziwa. Mdudu hana pa kukimbilia. Shambani ana majani ya chini ambayo dawa haikufika. Hiyo 60 usiihamishie Kavumu hivihivi.

Mwanzisha mada: Kweli, shambani ana maficho. Ila huko huko anakula mawindo yaliyokwisha kulishwa sumu, na pompi ya dawa inarudi tena kabla hajapata nafuu. Hilo la pili jaribio la mpulizo mmoja halilioni.

Mama, mankozebu nayo imeonekana kupunguza mayai ya baadhi ya aina za utitiri huu, sitaficha. Hata hivyo sikuambii uiache wakati wa mildiyu. Ninachogombana nacho ni ule mchanganyiko: mtu anatia sipermetrini, dawa ya kuua wadudu, kwenye pompi ileile "kwa usalama tu", wakati hajaona kiwavi hata mmoja. Hiyo inaua utitiri rafiki moja kwa moja, mabaki yake yanakaa majanini wiki kadhaa, halafu utitiri mwekundu unafumuka na tunarudi dukani kununua dawa nyingine.

Muuzaji wa dawa: Mimi nauza anachoomba mteja. Leteni karatasi ya hayo mayai, kwa Kifaransa au Kiswahili, nitaibandika mlangoni.

Mama mkulima (Kabare): Basi sipermetrini niitie lini?

Mwanzisha mada: Pita mistari asubuhi, Mama. Ukikuta viwavi wanatoboa matunda, puliza. Usipowakuta, tia mankozebu peke yake.