Mgombea, hizo nguzo zitabeba umeme wa wapi?

Wadau wa Moshi na Arusha, kampeni za uchaguzi wa 2025 zimepamba moto. Jana jioni mgombea ubunge mmoja alikuja kwetu. Anaongea vizuri, hilo simnyimi. Akaahidi nguzo za umeme hadi kitongoji cha mwisho, makofi yakapigwa. Mzee mmoja akauliza, "Hizo nguzo zitabeba umeme wa wapi?" Watu wakacheka, mgombea naye akacheka, kisha akarukia barabara.

Swali la mzee ndilo naliweka hapa. Mwezi Machi 2025 Rais Samia, mgombea wa CCM katika uchaguzi wa mwaka huo, alisema akiwa Kilimanjaro kwamba mikoa ya Kaskazini itanunuliwa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Kelele zikawa nyingi: tuna Bwawa la Nyerere, mashine 9, megawati 2,115, halafu tukanunue kwa jirani? Sababu iliyotolewa ni umeme kupotelea njiani, hasara ya kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Mimi naunga mkono kununua. Nipigeni mawe, ila nimalize kwanza.

Umeme ukisafiri mbali, waya unakula chake. Njia yetu ya zamani, ile ya Hale, Same hadi Kiyungi, Moshi, ni ya kilovoti 132. Msongo (hizo kilovoti) ukiwa mdogo, mkondo lazima uwe mkubwa ili kubeba mzigo uleule, na mkondo ukiongezeka mara mbili upotevu unapanda mara nne. Wenye saluni hawahitaji hesabu hiyo. Wanaijua saa moja jioni, drayer inapopuliza upepo wa baridi. Sasa kuna njia ya kilovoti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida, na inapita Arusha, mlangoni kwetu.

Halafu kuna mvua. Kwenye mgao wa 2022 na 2023 tuliambiwa mabwawa yamekauka. Rufiji, mto wa Bwawa la Nyerere, inategemea mvua za Novemba hadi Mei. Nile ya Bluu, ya huko Ethiopia, inajaa kwa mvua za Juni hadi Septemba. Sisi tunaotazama barafu ya Kibo ikipungua kila mwaka tungekuwa wa kwanza kutotegemea mto mmoja. Wagombea barafu hiyo wanaipenda sana, kwenye mabango.

Karibuni.

Mfanyabiashara, Namanga: Mkuu, wewe hujawahi kulala mpakani na lori. Mwaka 2021 Kenya walizuia mahindi yetu, watu wakahangaika hapa. Leo unataka swichi ya friji yako ipitie mlango huohuo? Serikali yetu ijenge waya wetu kutoka Chalinze, unakofikia umeme wa Bwawa la Nyerere, hata kama ni ghali.

Dereva wa Hiace, Himo: Umeme mtamaliza, mimi niongelee dizeli. Kuna mgombea katuambia bomba la mafuta la Hoima hadi Chongoleani likianza, bei inashuka. Kweli wakuu?

Mleta mada: Kaka wa Himo, hapo umepigwa. Bomba lina kilomita 1,443, na huku Kaskazini linapita Manyara, lakini linabeba mafuta ghafi ya Uganda, mazito kiasi kwamba lazima yapashwe moto ndiyo yatiririke. Tanga hakuna kiwanda cha kuyasafisha. Yanapakiwa melini yanaondoka. Sisi tunapata tozo ya kupitisha, ajira na hisa za asilimia 15 kupitia TPDC, shirika letu la mafuta. Ile bei ya mafuta ya EWURA, mdhibiti wa nishati, ya Jumatano ya kwanza ya mwezi itaendelea kufuata soko la dunia.

Wa Namanga, la mahindi umenishika, sikatai. Ila kujenga waya kunachukua miaka, na mimi nina friji leo. Ningekubali tununue kwa mkataba wa miaka michache, bei iwekwe wazi, huku waya wetu ukijengwa.

Mama lishe, Majengo: Wanangu, hakuna aliyetaja jiko. Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 tutumie nishati safi. Mtungi nimeununua, gesi ikiisha mwezi haujafika nusu narudi kwenye mkaa. Mgombea akija Jumamosi, muulizeni bei ya kujaza.

Mleta mada: Shikamoo mama. Nitamuuliza hilo kabla ya la kwangu.