Toleo 2.10.0 linaambiwa limepitwa na 2.9.4, naomba msaada

Karani_Moshi: Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, nimetengeneza programu ya simu ambayo makarani wa vyama vya msingi wanaandikia kilo za kahawa mkulima anapopima. Seva ni Node.js (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva). Simu ikifunguliwa inatuma namba ya toleo. Likiwa chini ya 2.9.4 inazuiwa mpaka isasishwe.

Jumatatu nimetoa 2.10.0. Kesho yake asubuhi karani wa Marangu ananipigia: wakulima wamejipanga na magunia, simu inadai asasishe wakati amesasisha usiku. Mwenzake aliyebaki na 2.9.6 anaendelea na kazi! Siku nzima wameandika kwenye daftari. Mstari wenyewe:

`if (toleo < "2.9.4") zuia();`

Nimekosea wapi? Wale wazee wameniamini na jasho lao, silali.

Kijenge_Juu: Pole mkuu. Umelinganisha maandishi, si namba. JavaScript inasoma herufi kwa herufi: "2." zinafanana, halafu "1" inakutana na "9", basi, imeshaamua. Ile 0 inayofuata haiangaliwi kabisa. Sakinisha `semver`, maktaba ya kulinganisha matoleo, ileile ambayo npm (kisakinishi cha vifurushi vya Node.js) yenyewe inatumia, kisha `semver.lt(toleo, "2.9.4")`, yaani "je, toleo liko chini ya 2.9.4?"

Fundi_Sakina: Maktaba ya nini? Gawa kwenye nukta, geuza namba, linganisha. Mistari kumi tu.

Kijenge_Juu: Inafaa mpaka siku atoe toleo la majaribio, mfano 2.11.0-beta.1. Kipande "0-beta" ukikigeuza kwa Number unapata NaN, yaani "si namba". Kanuni za SemVer 2.0.0, za kupanga namba za matoleo, zinasema beta iko chini ya 2.11.0 kamili, na beta.2 iko chini ya beta.11. Hayo yote utayaandika mwenyewe?

Karani_Moshi: Asanteni. Nimejaribu `semver.satisfies`, inayopima kama toleo limo ndani ya wigo, na "^2.9.4". 2.10.0 imepita, ila simu yangu ya majaribio yenye 2.11.0-beta.1 imekataliwa.

Dada_Njiro: Kaka, ondoa hiyo ^. Maana yake ni kuanzia 2.9.4 hadi kabla ya 3.0.0, kwa hiyo ukitoa 3.0.0 umewafungia watu tena. ~2.9.4 ni finyu zaidi, inaishia kabla ya 2.10.0. Alama hizo ni za kuchagulia vifurushi vinavyoendana na msimbo wako. Na satisfies inaziruka beta kwa makusudi, mpaka uweke `includePrerelease: true`. Wewe unauliza kitu kimoja tu: toleo liko chini ya kiwango au haliko? `lt` inakutosha, na beta yako itapita.

Angalia hili pia: simu ikituma "2.10" tupu, `lt` inarusha kosa. Pima kwanza kwa `semver.valid`, ikirudisha null (si toleo kamili) ndipo utumie `coerce` inayojazia kilichopungua, itakupa 2.10.0. Usipitishe kila toleo kwenye coerce, inakata mkia wa beta.

Fundi_Sakina: Kwenye beta nimekubali. Lakini kama simu zote ni Android, tuma versionCode, namba nzima moja inayopanda kila toleo.

Karani_Moshi: Zote ni Android, ila zilizo mikononi mwa makarani sasa hazitumi versionCode. Nitaiweka toleo lijalo. Leo nimeweka `valid`, `coerce` na `lt` kwenye seva, simu sijazigusa. Nimejaribu 2.9.3, 2.9.4, 2.10, 2.10.0, beta na 3.0.0: iliyozuiwa ni 2.9.3 peke yake. Karani wa Marangu amefungua sasa hivi, imekubali. Kesho napanda huko tuhamishe kilo za kwenye daftari.