Wauzaji wa seti za vitalu nyumba vya bustani ya mwanasesere, hii mnayotuuzia si 1:12!

Wakuu, naanzisha uzi huu kwa hasira na sitaomba radhi. Seti za kujengea kitalu nyumba kidogo (greenhouse, kibanda cha vioo cha kukuzia mimea) cha bustani ya nyumba ya mwanasesere zimejaa mtandaoni, zote zimeandikwa "1:12", na nyingi ni utapeli mtupu. Anayeumia ni anayeanza, maana anadhani mikono yake ndiyo mibovu.

1:12 maana yake inchi moja ya mfano kwa futi moja ya kitu halisi, yaani unagawa kwa 12. Kitalu halisi cha nyuma ya nyumba, mita 2.4 kwa 1.8, kinatakiwa kiwe mm 200 kwa 150. Mlango wa mita 1.8 unakuwa mm 150. Sasa fungua hizo seti upime mlango: mm 90! Huo ni mlango wa sentimita 108. Mwanasesere mwenye urefu wa sm 14 aingie kwa magoti? Ni seti ya kipimo kingine imebandikwa lebo ya 1:12 kwa sababu ndicho watu wanachotafuta.

Hilo la mlango unaweza kulivumilia. Kioo ndicho kinachonipandisha presha. Wanakuwekea akriliki (plastiki ngumu angavu) ya mm 3 na kukuambia "imara, haivunjiki". Zidisha kwa 12 uone: unene wa mm 36. Kioo cha kitalu halisi huwa mm 3 tu, kwa hiyo kwako kinatakiwa kiwe mm 0.25. Jalada la juu la plastiki angavu wanalotumia steshenari kubaindia ripoti, lile la maikroni 200, ukilizidisha unapata mm 2.4. Karatasi ya kubaindia ripoti ina ukweli kuliko seti nzima!

Na si suala la macho peke yake, ni uzito. Paa la mteremko wa digrii 30 juu ya msingi huo linahitaji vipande viwili vya mm 200 kwa 87. Kwa akriliki ya mm 3 hiyo ni gramu 120 na ushee, zimekalia vijiti vya mm 3 kwa 3. Kwa jalada la kubaindia hazizidi gramu 10. Kuta zikianza kutanuka na mgongo wa paa ukilala katikati, usijilaumu wala usiongeze gundi. Toa huo mzigo.

Halafu maelekezo. "Bandika kioo kwa supaglu." Nani aliandika hii? Mvuke wa supaglu unatua kwenye plastiki na kuganda, unabaki ukungu mweupe pembeni ya kila kiungo, na kwa hewa nzito ya Dar, Tanga au Mombasa hali ni mbaya zaidi. Mtu akiona ukungu anakimbilia spiriti afute. Akriliki iliyokatwa kwa leza ikiguswa na spiriti inapasuka nyufa ndogondogo kwenye kingo, na hapo hakuna dawa. Gundi ya bunduki nayo usiiguse: inaacha nyuzi, inabanduka kwenye plastiki laini, na ukiweka kitalu dirishani juani inalegea.

Kioo hakihitaji gundi kabisa. Bandika kijiti chembamba cha mm 1 upande wa ndani wa fremu, weka kioo, kisha kibane kwa kijiti kingine kwa nje. Gundi nyeupe ya mbao inashika kijiti kwa kijiti, plastiki inabaki huru. Acha nafasi ya nusu milimita kila upande, kwa sababu mbao inavimba masika na plastiki inatanuka juani.

Mpangilio wao wa kazi nao ni kichekesho: jenga, weka vioo, halafu paka rangi. Utapakaje fremu nyeupe yenye vioo ishirini bila kuchafua? Rangi kwanza, vioo mwisho. Kingo zilizounguzwa na leza zisugue kwa msasa namba 240 mpaka weusi uondoke, la sivyo rangi nyeupe inatoka na michirizi ya kahawia. Kama ni MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa), paka kingo gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache ikauke, sugua tena. Ukiruka hapo, rangi ya maji inaamsha nyuzi na kingo zinakuwa na manyoya.

Matundu ya kuchomekea je? Yamekatwa kutoshea plaiwudi ya mm 3, ila plaiwudi waliyokutumia ni mm 2.7. Kila kiungo kinacheza, fremu inalala upande kimyakimya, unakuja kugundua mlango ukigoma kufunga. Kabla gundi haijakauka pima msingi kona kwa kona: kwa mm 200 kwa 150, zote mbili lazima zisome mm 250 kamili. Zikitofautiana, sukuma ile ndefu.

Kenchi ndiyo aibu kubwa. Ncha zimekatwa mraba! Kwa mteremko wa digrii 30 zinagusana chini tu, juu inabaki V ya mm 3, na gundi inashika mstari badala ya uso. Kata kila kenchi mm 86.5, ncha ya juu ikiwa imelala digrii 30 kutoka kwenye mraba. Ukiweka ubao wa mgongoni wenye unene wa mm 2, punguza kila kenchi mm 1.2. Zipange kila baada ya mm 50, zinaingia nafasi nne kwa urefu. Hiyo inatokana na kioo halisi cha kitalu cha sm 61, ambacho kwetu ni mm 51.

Sitaki hata kuanza na mapambo, ila zile "nyanya" za shanga za mm 12 jamani! Nyanya ya sm 14? Chukua shanga za mm 5 au 6. Vyungu vya mm 25 ni vya sm 30, vinajaza rafu nzima; chungu cha miche cha sm 10 ni mm 8 tu.

Wauzaji mliomo humu, wekeni mambo matatu kwenye tangazo: urefu wa mlango, unene wa kioo, na unene halisi wa plaiwudi uliopimwa kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), si ule wa kwenye risiti ya kiwanda. Anayeshindwa kuyajibu hapahapa chini asitutumie tena picha zake za kung'aa.