Lisboa siku moja na nusu: Belém, Alfama au Sintra?

Mtembezi_Dodoma
Wakuu, heshima kwenu. Ndege inatua Lisboa, Ureno, Jumapili saa tano asubuhi, kuondoka Jumanne saa mbili asubuhi. Ni mchana mmoja na siku moja kamili. Visa ya Schengen ipo. Nashindwa kuchagua kati ya Belém (mtaa wa kando ya mto), Alfama (mtaa wa kale) na Sintra (mji wa vilimani nje ya Lisboa). Tena ile Lisboa Card, kadi ya watalii ya usafiri na viingilio, inarudisha hela yake au ni kupigwa tu?

Kasikazi
Mkuu, anza na kalenda kwanza. Monasteri ya Jerónimos, ambayo ndiyo moyo wa Belém, hufungwa Jumatatu. Kwa hiyo Belém ni Jumapili mchana au uisahau. Ukiwahi kutoka uwanjani (foleni ya uhamiaji kwa pasi zetu inaweza kula saa nzima na zaidi), unaacha mizigo na kufika saa tisa. Mwisho wa kuingia ni kama saa kumi na moja jioni.

Kwenda Belém wengi hugombania tramu ya 15. Panda treni Cais do Sodré, mstari wa Cascais, ni dakika saba hivi na nafasi ya kukaa ipo. Angalia tu isiwe treni ya haraka inayopitiliza Belém.

Mwana_wa_Malindi
Naongezea hapo Jerónimos. Kuna milango miwili. Kanisa ni bure. Ua wa ndani wenye matao ndio wa kulipia, takriban euro 18. Kaburi la Vasco da Gama liko kanisani, karibu na mlango, chini ya roshani ya kwaya, akitazamana na mshairi Camões. Ndiye huyo huyo wa nguzo ya Malindi, aliyepewa rubani pale kwetu mwaka 1498 akafika India. Alifia Cochin 1524, na mifupa ililetwa hapo 1880. Basi ukitaka kumwona yeye tu, usilipe hata senti. Jumapili asubuhi kuna misa na watalii huzuiwa, lakini wewe unafika mchana.

Mnara wa Belém ulifungwa 2025 kwa ukarabati. Angalia kama umefunguliwa kabla ya kuutembelea. Kwa nje unaonekana vizuri tu ukiwa ufukweni.

Hesabu_Kali
Lisboa Card ya saa 24 ni kama euro 31. Tufanye hesabu: Jerónimos 18, tiketi ya usafiri ya saa 24 (metro, basi na tramu) kama 7. Jumla 25. Kadi imeshindwa kwa euro 6, na Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, hivyo haitakuokoa. Inaanza kulipa pale unapoingia sehemu mbili au tatu za kulipia ndani ya siku moja, Jumanne hadi Jumapili. Na kasri la Pena kule Sintra halimo. Unapunguziwa kidogo tu.

Nunua kadi ya karatasi ya Navegante kwenye mashine ya metro, senti 50, kila mtu yake. Hapa ndipo watu hukwama: mkiwa wawili na kadi moja, geti halimfungulii wa pili. Pia ukishaweka tiketi ya saa 24, kadi hiyo haipokei salio la kawaida mpaka tiketi iishe. Ukilipa taslimu kwa dereva wa tramu, safari moja inazidi euro 3, karibu mara mbili ya bei ya kadi.

Kasikazi
Jumatatu sasa: nenda Sintra. Treni inatoka Rossio, dakika 40. Angalizo: kituo cha metro kiitwacho Rossio si kituo cha treni cha Rossio. Metro iliyo karibu zaidi na treni hiyo ni Restauradores, mstari wa bluu. Tiketi ya Pena ina saa maalumu, na saa hiyo ni ya mlango wa kasri, si geti la bustani. Kutoka getini hadi mlangoni weka dakika 30 za kupanda. Ukichelewa, imeenda. Ukikata ya saa nne na nusu, panda treni ya saa mbili, maana basi la 434, la kupanda Pena kutoka kituo cha Sintra, nalo lina foleni.

Bibi_Safari
Kasikazi, hapo nakupinga. Jumatatu kila mtu aliyefungiwa makumbusho mjini hukimbilia Sintra, na ukungu ukishuka hulioni kasri hata ukiwa chini yake. Alfama na ngome ya São Jorge ziko wazi, ziko karibu, na ndio mtaa uliosalimika katika tetemeko la Novemba 1755. Anza asubuhi Portas do Sol, jua linachomoza mbele yako. Machweo nenda Senhora do Monte, kilima cha kutazamia mji. Tramu ya 28 usiipandie Martim Moniz, utasimama foleni hadi uchoke. Anzia mwisho wa pili, Campo de Ourique, na simu isikae mfuko wa nyuma: vibaka wanaipenda njia hiyo kuliko watalii.

Mtembezi_Dodoma
Asanteni. Nilisahau kusema: nasafiri na mama, ana miaka 68 na magoti yanasumbua.

Bibi_Safari
Mfikishie shikamoo. Basi Sintra futa, mteremko wa Pena utamtesa. Alfama yenyewe msiipande kwa miguu: Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya bure hadi Rua da Madalena, mkivuka kuna ya pili, bure pia, inayopanda kutoka jengo lenye supamaketi. Au basi la 737 kutoka Praça da Figueira hadi mlango wa ngome. Viatu vya soli ya mpira, yale mawe meupe ya njiani yakilowa ni sabuni. Mkikaa mgahawani, mkate na zeituni zinazoletwa bila kuagizwa hulipiwa mkizigusa. Kama hamtaki, semeni zirudishwe.

Hesabu_Kali
Na Jumanne, metro huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa ndege ya saa mbili ni kuchelewa. Agiza teksi usiku wake, na uliza ni jengo la 1 au la 2 la uwanja wa ndege.