Kitanda cha mtoto chenye ubavu unaoshuka

Swali: Habari zenu. Natarajia kujifungua mwezi ujao, na fundi seremala wa Keko ameniahidi kitanda cha mninga chenye ubavu unaoshuka. Je, ni salama?

Jibu: Hongera, dada. Ubavu huo ukatae, kwani Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda vya namna hiyo mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa na kufa. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Mimi hupima kwa kopo la soda, na likipita, kitanda hakifai.

Jibu: Godoro liwe gumu, lijae kitandani hata vidole viwili visipenye pembeni. Mito, hata ile aliyoshona bibi, ikae kabatini, na mtoto alazwe chali.

Muulizaji: Asanteni. Fundi atanung'unika, lakini ubavu utakazwa kwa skrubu.