Naombeni ushauri: niache utabibu nikauze mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) ili nichangie vyandarua?

Wakuu, shikamooni. Mimi ni tabibu wa zahanati upande wa Sengerema, foleni ya asubuhi ni malaria tupu. Mjomba ana biashara ya mabondo ya sangara pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anayaanika na kuyapanga kwa saizi. Kilo ya makubwa inaiacha mbali bei ya minofu. Ananiita tufanye wote.

Nimevutiwa na watu wa Giving What We Can, jumuiya ya watoaji misaada iliyoanzishwa Oxford mwaka 2009, wanaoahidi kutoa asilimia 10 ya kipato. Wachache huenda mbali zaidi: wanasaka kazi yenye pesa ndefu makusudi wagawe. Lakini hata 80,000 Hours, shirika la ushauri wa kazi waliolipigia debe wazo hilo mwanzoni, mwaka 2015 walisema ni sehemu ndogo tu ya watu wanaofaa kulifuata kwa muda mrefu. Na Sam Bankman-Fried, tajiri wa sarafu za kidijitali aliyekuwa mfano wao, yuko jela kwa utapeli.

Kinachonikwaza ni pengo langu: mwenzangu alipohama, tulikaa muda mrefu bila mbadala. Halafu mjomba mwenyewe anacheka, eti pesa ya ziwa haina adabu. Kuna mtu hapa amewahi kutafuta pesa kwa nia hii na akatoa kweli, au wote mliishia kununua viwanja Buswelu?